Daktari Lukwiya na Hesabu ya Siku

Januari mwaka 2025 nilirudi chuoni kutoka likizo ya Krismasi nyumbani Kibondo. Wanaoijua mikoa ya kwetu wanajua kuna njia mbili za kutoka: ama ushuke Kasulu hadi Uvinza uende zako Tabora, ama upande Kakonko hadi Nyakanazi, halafu ukate kwenda Kahama. Mimi nilipita Nyakanazi. Basi lilisimama, nikanunua mahindi ya kuchoma na maji, nikarudi kwenye siti yangu. Dakika kumi na tano, labda ishirini. Ilikuwa tarehe 11.

Tarehe 20 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, akatangaza kwamba ugonjwa wa Marburg umethibitika wilayani Biharamulo, mkoani Kagera. Jioni hiyo wenzangu watatu wa chumbani walifungua ramani kwenye simu. Nyakanazi iko wilaya gani? Biharamulo. Hakuna aliyesema neno, ila niliona mmoja anahamisha kikombe chake kutoka kwenye meza yetu ya pamoja. Siku nne baadaye nikashikwa na homa. Nilikwenda zahanati, nikapimwa, nikakutwa na malaria, nikapewa dawa mseto. Karatasi ya majibu niliwaonyesha. Mmoja wao akauliza, kwa upole kabisa, kama malaria inamzuia mtu asiwe na Marburg. Kwa kweli haizuii. Usiku huo nilibeba godoro langu nikaenda kwa binamu yangu aliyepanga chumba nje ya chuo, yeye akahamia kwa rafiki yake, nikabaki peke yangu.

Swali lililonikaa kichwani halikuwa kama nitakufa. Lilikuwa: natoka lini? Nikijisikia vizuri? Dawa zikiisha? Wenzangu wakiacha kuogopa? Nikampigia mama mdogo, ambaye ni muuguzi upande wa Kibondo. Akaniuliza maswali mafupi: umemgusa mgonjwa? Umeosha maiti? Umekwenda msibani huko? Hapana zote. Akasema basi kwa utaratibu wa afya mimi si hata mtu wa kufuatiliwa, lakini kama nataka kuwatuliza wenzangu, nihesabu siku 21 tangu niliposimama Nyakanazi na nipime joto kila asubuhi na jioni. Halafu, kwa kuwa aliona nalia, akaanza kunisimulia habari za daktari mmoja Mwacholi wa Uganda aliyekufa kabla mimi sijazaliwa. Wiki ile yote sikuwa na kazi, nikawa namsoma daktari huyo kwenye simu. Anaitwa Matthew Lukwiya.

Alizaliwa Novemba 1957 huko Kitgum, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa mchuuzi wa samaki, akafa maji Matthew akiwa na miaka kumi na miwili. Mama alibaki na watoto wa kiume wanne na biashara ndogondogo, ikiwemo ile ya magendo ya kuvusha majani ya chai mpakani kwenda Sudan na kurudi na sabuni, kwa baiskeli. Inasemekana alijaribu kuwafundisha wanawe kazi hiyo. Sisi wa Kibondo na Kasulu tuliokua karibu na mpaka wa Burundi hatuhitaji kueleweshwa maisha hayo yakoje, baiskeli na mzigo na njia za porini. Ila kijana huyu alikuwa na kichwa. Aliongoza darasani, akaongoza wilayani, akaongoza Acholi nzima, na kwenye mtihani wa kuingia chuo kikuu akawa miongoni mwa waliofanya vizuri zaidi nchini. Akasomeshwa udaktari kwa ufadhili. Yaani ndiye yule mtu wa kijijini ambaye kila mmoja wetu hapa chuoni ana ndugu anayeamini kwamba na wewe utakuwa kama yeye.

Mwaka 1983 alipelekwa kufanya mazoezi ya kazi Hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, nje kidogo ya mji wa Gulu. Hospitali hiyo iliendeshwa na mtu na mke wake: Piero Corti, Mwitaliano, na Lucille Teasdale, daktari wa upasuaji kutoka Kanada. Walikuwa pale tangu 1961. Inaelezwa kwamba baada ya miezi mitatu tu ya kumuona akifanya kazi walikubaliana wao kwa wao kwamba huyu ndiye atakayewarithi. Lucille aliambukizwa virusi vya UKIMWI akiwafanyia upasuaji majeruhi wa vita, akaendelea kufanya kazi miaka mingi, akafa mwaka 1996. Nalitaja hili kwa sababu Lukwiya hakuwa mgeni wa habari ya daktari kuuawa na damu ya mgonjwa wake. Aliiona miaka kumi, ndani ya nyumba.

Miaka hiyo Acholi ilikuwa vitani. Ijumaa Kuu moja waasi waliingia hospitalini wakitaka kuondoka na masista Waitaliano. Lukwiya akajitoa achukuliwe yeye. Wakamtembeza porini karibu wiki nzima akiwa na koti lake la kidaktari, kisha wakamwachia. Aliporudi, alifungua mageti ya hospitali, na maelfu ya watu wa vijiji vya jirani wakawa wanakuja kulala ndani ya uzio kila jioni na kuondoka asubuhi. Mwaka 1990 alikwenda Liverpool kusoma magonjwa ya watoto ya nchi za joto, akafaulu vizuri mno hadi akaombwa abaki afundishe. Alirudi Lacor. Sijui wangapi kati yetu tungerudi, na siulizi kwa ubaya. Mimi mwenyewe nikipewa nafasi Liverpool sijui kama Kibondo mtaniona kabla ya miaka kumi.

Mwishoni mwa 1998 alimwachia uongozi wa hospitali Dk. Cyprian Opira, akahamia Kampala na mke wake Margaret na watoto wao watano kusoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii Makerere. Kwa hiyo Oktoba 7 mwaka 2000, siku simu ilipopigwa kutoka Gulu, Lukwiya alikuwa nani? Alikuwa mwanafunzi. Alikuwa na kozi, na bila shaka alikuwa na kazi za kukabidhi kwa tarehe. Opira alimwambia wanafunzi wa uuguzi wanakufa na hawajui kwa nini. Akafika Gulu jioni hiyohiyo.

Usiku ule alikaa na mkuu wa wauguzi, Sista Maria Di Santo, wakifungua mafaili. Walikusanya kumbukumbu za wagonjwa waliofanana: homa, kutapika, kuharisha, wengine kutoka damu, dawa za malaria na za taifodi zisizofua dafu. Asubuhi alikuwa na wazo ambalo hakuna aliyetaka kulisikia. Alitoa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu homa za kutoka damu, akausoma, na kabla maabara yoyote haijathibitisha akatenga wodi moja, akachagua wahudumu wa kujitolea, akapanga nani anaingia, anavaa nini, anatokea wapi. Kisha akaruka ngazi zote za barua na mihuri akampigia moja kwa moja Dk. Sam Okware wa Wizara ya Afya. Damu ikapelekwa Johannesburg. Katikati ya mwezi jibu likaja: Ebola, aina ya Sudan. Wataalamu wa kimataifa walipofika walikuta wodi inafanya kazi tayari.

Hapa ndipo nilipoanza kusoma kwa uchoyo, maana swali langu la natoka lini lilikuwa swali la kila mtu Gulu mwaka ule.

Watu wengi hudhani kutengwa ni jambo moja, kumbe kuna hesabu zaidi ya moja, na zinachanganywa kila siku, hata na watu waliosoma. Ya kwanza ni ya mtu asiyeumwa ila alimgusa mgonjwa. Virusi vya Ebola, na Marburg ambaye ni ndugu yake, hujificha mwilini kati ya siku 2 na 21 kabla ya homa. Kwa hiyo huyo anafuatiliwa siku 21 tangu alipogusana na mgonjwa mara ya mwisho, na akimgusa mwingine hesabu inaanza upya. Siku hizo zote, maadamu hana dalili, haambukizi mtu. Ya pili ni ya mgonjwa mwenyewe. Huyu hatolewi kwa idadi ya siku. Anatolewa dalili zikiisha na damu ikipimwa na kukutwa safi, na leo utaratibu wa kawaida ni kusubiri siku tatu bila dalili kisha ndipo kupima. Ya tatu ni ya nchi: siku 42, yaani 21 mara mbili, bila mgonjwa mpya, ndipo serikali inatangaza kwamba yameisha.

Mambo mawili yalinishangaza. La kwanza ni kwamba maabara ya kisasa ilifungwa pale pale Lacor na Wamarekani wa kituo chao cha kudhibiti magonjwa, na Gulu ikawa mahali pa mwanzo ambapo kipimo cha kusoma vinasaba vya virusi kilitumika katikati ya mlipuko wa Ebola. Ikaonekana kwamba kipimo hicho kinaviona virusi mapema kuliko kile cha zamani, na kwamba kwa mtu anayepona kinaendelea kuviona hata pale kipimo cha zamani kimeshasema hakuna. Maana yake ni kwamba mgonjwa anaweza kukaa kitandani, anakula uji, anacheka, anaomba kwenda nyumbani, na bado damu yake haijamaliza.

La pili lilitoka kwa wazee. Waacholi wana neno lao la maradhi ya mlipuko, gemo. Watafiti waliokwenda vijijini wakati ule walikuta kwamba maradhi yakishaitwa gemo, kuna utaratibu wa zamani unaoanza. Mgonjwa anawekwa kwenye nyumba ya peke yake, umbali wa kama mita 100 na nyumba nyingine. Anayemhudumia ni mtu aliyewahi kuugua na kupona, kama yupo. Nyumba inawekewa alama ya nguzo mbili za matete marefu ili wageni wajue. Watu hawatembeleani. Na kuhusu kutoka: mgonjwa akishapona, dalili zote zimeisha, bado anakaa humo hadi mwezi mmoja wa mwandamo utimie. Mwezi wa mwandamo ni siku 29 na kitu. Wazee wasio na darubini walishaona kwamba siku unayojisikia mzima siyo siku ya kutoka, wakatafuta kalenda ambayo hakuna anayeweza kuichakachua.

Niliposoma hapo nilizima simu. Nilimkumbuka mtu wa Kasulu.

Nilisoma sekondari ya bweni Kasulu. Nikiwa kidato cha nne, wiki kama tatu kabla ya mtihani wa moko, nilipata tetekuwanga. Nikawekwa kwenye chumba kidogo karibu na stoo, ambacho mchana kilikuwa na joto na usiku baridi ile ya Kasulu mnayoijua. Chakula kiliachwa mlangoni. Siku ya nne homa ilikuwa imeondoka kabisa. Nilikuwa nasikia wenzangu wanafanya masahihisho ya Hesabu upande wa pili wa ukuta, na nilikuwa naona maisha yangu yanapita. Matroni alikuja akaniuliza kutoka mlangoni kama nimepona. Nikasema nimepona. Haukuwa uongo kwa namna nilivyojisikia. Lakini mgongoni, chini ya shati, nilikuwa na malengelenge mapya yaliyokuwa bado na maji, na nilijua. Bibi yangu Kibondo alikuwa na sheria moja ya tetekuwanga: hutoki mpaka kila kidonda kiwe kimekauka na kufanya gamba. Ndiyo sheria ya hospitali pia. Nilikuwa naijua tangu mtoto.

Nilirudi bwenini usiku huo, kwenye dabo deka yangu, juu ya rafiki yangu aliyelala chini. Siku ya kumi na tano tangu nitoke, yeye akapata tetekuwanga, ya nguvu kuliko yangu. Akakosa karatasi mbili za moko na ile nyingine akaifanya akiwa na homa. Kila mtu alisema bahati mbaya. Mimi pia nilisema bahati mbaya.

Nimehesabu mara nyingi tangu siku hizo. Tetekuwanga huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla vipele havijaonekana, na hukaa mwilini siku 10 hadi 21 kabla ya kutokea. Kwa hiyo inawezekana nilimwambukiza kabla sijatengwa, tulipokuwa tunalala kitanda kimoja juu na chini: hapo ni kama siku 20, inaingia. Ukihesabu tangu nilipotoka mapema ni siku 15, nayo inaingia. Hesabu zote mbili zinakubali. Sitajua kamwe ni ipi. Ninachojua ni ile ambayo ingekuwa mikononi mwangu kuizuia. Yuko chuo kingine sasa, na gazeti hili linafika huko. Akilisoma atajua ni yeye.

Basi nikaendelea kusoma, nikiwa na hamu ya kujua Lukwiya alifanyaje na watu wake.

Vifo vya wahudumu havikukoma. Mwishoni mwa Novemba, ndani ya saa 24 tu, walikufa watu saba pale Lacor, watatu wakiwa watumishi. Wauguzi wakagoma. Mamia ya wafanyakazi walikusanyika ukumbini kwenye chuo cha uuguzi wakitaka hospitali ifungwe. Unaweza kuwalaumu? Walikuwa wamevaa kila walichoambiwa wavae na bado wanakufa. Lukwiya aliwaendea. Aliwaeleza kwamba hamlazimishi mtu, anayetaka kwenda aende, yeye atabaki hata akibaki peke yake. Akawaambia pia kwamba hospitali ikifungwa ataondoka Gulu na hatarudi tena. Aliwakumbusha siku alipojitoa kwa waasi. Mkutano ulichukua saa nyingi, na mwisho wake watu walirudi wodini. Nimejiuliza kama ilikuwa haki kuwaambia hivyo watu waliochoka na wanaoogopa, maana maneno ya namna hiyo kutoka kwa mtu unayempenda yanabana kuliko amri. Sina jibu. Lakini alikuwa tayari ameshaingia mahali alipowataka wao waingie.

Kilichomuua kilitokea usiku mmoja wa siku hizo za Novemba. Muuguzi mmoja wa kiume, mwenzao, alikuwa amelazwa na hali mbaya. Usiku akachanganyikiwa, akaamka kitandani akitoka damu, wahudumu wa zamu wakaogopa, wakamwita daktari kutoka usingizini. Lukwiya alivaa gauni, barakoa, buti, glavu. Hakuvaa miwani ya kujikinga. Alimsaidia yule muuguzi kurudi kitandani na kumsafisha, na muda si mrefu akafa. Yule aliyeandika nani avae nini ndiye aliyesahau kitu kimoja, usiku mmoja, baada ya wiki zaidi ya sita bila kupumzika.

Siku chache baadaye akaanza homa iliyofanana na homa yoyote ya kwetu. Ukiishi Gulu, au Kibondo, homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo. Alipimwa, ikawa Ebola. Akalazwa ndani ya utaratibu uleule alioupanga yeye. Margaret alifika kutoka Kampala na akaruhusiwa kumuona kwa masharti ya wodi, amejifunika mwili mzima, bila kukaa naye kama mke anavyokaa na mume mgonjwa. Hilo ndilo lililonikaa kuliko yote. Wangeweza kumlegezea, alikuwa mkuu wao. Kila aliyekuwa pale alikuwa amefundishwa naye kwamba masharti hayalegezwi.

Alikufa usiku wa kuamkia Desemba 5 mwaka 2000, akiwa na miaka 43. Alizikwa siku hiyohiyo mchana ndani ya uwanja wa hospitali, kando ya kaburi la Lucille. Waliobeba jeneza walikuwa wamevaa vifaa kinga, na waombolezaji walisimama mbali. Kwa Mwacholi, na kwa Muha vilevile, msiba wa kusimama mbali ni msiba nusu.

Yeye hakutoka. Ila wodi yake iliendelea kutoa watu. Mpaka mwisho wagonjwa walikuwa 425 na waliokufa 224, katika Gulu, Masindi na Mbarara, maana yake mia mbili na moja walirudi nyumbani. Wengine walirudi wakakuta nyumba na nguo zao zimechomwa moto. Walikuwa wamepimwa, wana ruhusa ya hospitali mkononi, na majirani hawataki kuwaona kisimani. Mgonjwa wa mwisho alipatikana Januari, zikahesabiwa siku 42, na Februari 27 mwaka 2001 Uganda ikatangazwa kuwa imemaliza. Nimehesabu kwa vidole tangu Desemba 5: ni siku 84. Mbili za 42.

Na ile yetu ya Biharamulo? Ilihesabiwa vivyo hivyo. Waliothibitika walikuwa wawili, waliodhaniwa wanane, wote kumi wamefariki, na Machi 13 mwaka 2025 ikatangazwa kwamba imekwisha.

Mimi siku zangu zilitimia Februari 1, Jumamosi. Nilikuwa na karatasi yenye joto la asubuhi na jioni, siku kwa siku, tangu nilipohamia kwa binamu. Malaria ilishapona zamani. Nilibeba godoro nikarudi hosteli. Ukutani juu ya meza nikakuta wenzangu wamechora kalenda kwa kalamu nyekundu, na siku ya mwisho iliyozungushiwa duara ilikuwa Februari 10. Walikuwa wamehesabu 21 kuanzia siku ya tangazo la Rais.

Nikawaeleza kwamba hesabu huanza siku ya kukutana na hatari. Kutangazwa ni habari nyingine, maana virusi havisikilizi redio. Nikawaonyesha karatasi yangu. Tulibishana kama saa nzima, bila matusi, mmoja akiwa mlangoni muda wote. Wawili wakakubali. Yule aliyehamisha kikombe akasema ananiamini, ila mama yake amemwambia tarehe 10, na yeye hawezi kumdanganya mama yake. Nilimuuliza kama anataka mimi ndiye nirudi kwa binamu. Akafikiri. Akasema hapana, akachukua blanketi na daftari zake akaenda kulala chumba cha juu kwa dada wa kwao Kasulu, na kila jioni, mpaka siku tisa zikaisha, alikuwa akishuka, anasimama koridoni, ananiuliza leo joto limesoma ngapi.